Onja, Sema, Weka Mwiko Chini

Vijana wangu wa jikoni, kabla hamjaniuliza pilau naiunga vipi, nionyesheni kwanza mnavyoonja. Wengi wenu mnaonja vibaya. Mnachovya mwiko, mnaulamba, mnaurudisha sufuriani bila haya, halafu mnamgeukia aliye karibu: "Eti dada, imekolea?" Yeye anajuaje? Ulimi unao wewe.

Mchuzi unaonjwa hivi. Chota kidogo, dondoshea kiganjani, subiri upoe, maana ulimi ulioungua hauna ushahidi. Kama mchuzi ni wa ugali, uonje na tonge la ugali. Ugali hauna chumvi, kwa hiyo mchuzi ulio sawasawa kiganjani utakuwa umepooza ukifika mezani, na dereva anayetoka Tunduma hana muda wa kukufundisha. Ataomba chumvi, atakula, atakuaga vizuri, na safari ijayo atasimama hoteli ya jirani. Maharage yatieni chumvi yakishaiva. Tui zito liingie mwisho, na likishaingia msiondoke kwenda kuchungulia simu. Hayo nimeyafanya hapa Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa, tangu nikiwa binti hadi magoti yalipokataa kusimama. Nilianza na kuni, nikaja kwenye mkaa, nikaishia kwenye gesi, ambayo mwanzoni niliiogopa hata nikawa naiwashia kwa mbali nimefunika uso na kanga.

Hayo yote nilijifunza upesi. Kuonja ndiko kulikonishinda, tena kwa muda mrefu, na si kwa sababu ulimi wangu ulikuwa mbovu. Nililelewa nisiusikilize. Nataka niwaambie habari hiyo kwa sababu kila mara naona binti au kijana anaingia jikoni na macho niliyokuwa nayo mimi, macho yanayotazama nyuso za watu kuliko yanavyotazama sufuria.

Wajukuu zangu wana neno lake la Kizungu, wamelitoa kwenye simu. Wanasema ni mzazi aliyejaa nafsi yake mpaka mtoto hana pa kukaa. Neno lenyewe linanishinda kutamka, lakini nyumba ya namna hiyo naijua, maana nilizaliwa humo, Kimamba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Babu alikuja kukata mkonge akabaki. Baba alifanya kazi reli. Mama yangu, huyo ndiye aliyekuwa nyumba yenyewe.

Nje ya mlango alikuwa mama wa watu wote. Kwaya anaongoza yeye. Msibani analia kuliko wafiwa, mpaka wafiwa wanaanza kumbembeleza. Mzuri wa sura, mcheshi, sauti yake ukiisikia Jumapili unasimama. Sisemi uongo, hata leo sauti ile inanisisimua. Ila mlango ukifungwa, hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuwa mtu. Nikisema, "Mama, nina njaa," ananijibu, "Huna njaa wewe, una tamaa." Nikianguka nikachubuka goti, "Hujaumia. Aliyeumia ni mimi, unayenitia aibu mbele za watu." Nikiugua malaria, yeye anaugua zaidi yangu. Majirani wakileta machungwa ya mgonjwa, anayala yeye, mimi namshikia bakuli la maganda. Nikifaulu, "Akili zangu hizo." Nikifeli, "Hiyo ni damu ya baba yako." Baba yupo palepale kwenye kiti, anatazama miguu yake. Alishaamua kwamba amani ya nyumba inapatikana kwa kumkubalia mkewe kila kitu, na sisi watoto tukapaswa kuamua hivyohivyo.

Na ukithubutu kusema, "Hapana mama, haikuwa hivyo," basi anashika ziwa lake. "Ziwa hili ulilinyonya wewe. Nitakunyima radhi, dunia ikutambue." Msicheke. Mtoto mdogo akiambiwa hivyo hapati usingizi. Radhi ya mama si mchezo kwetu, ninyi mnajua, na yeye alijua kwamba tunajua. Kwa hiyo nikajifunza njia ya kuishi: kabla ya kusema nasikia nini, natazama kwanza uso wa mama, nione natakiwa kusikia nini.

Sasa chukua mtu wa namna hiyo umpeleke jikoni!

Aliyenipeleka ni shangazi, dada yake baba, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa anakwenda Iringa, akaomba nimsindikize, na mama akaniruhusu kwa kuwa siku hizo alikuwa amenuna, hakutaka kuniona. Basi letu likaharibika hapa Mikumi. Tukaingia kula kwenye hoteli ya mabanzi ya mama mmoja wa Kilosa, Msagara, Mwislamu wa swala tano, mwili mkubwa, sauti ndogo. Huyo ndiye Bi Mwajuma. Nilipomaliza kula nilibeba sahani yangu, nikabeba na za wateja wengine, nikachuchumaa kwenye karai nikaanza kuosha.

Bi Mwajuma akanisimamia kichwani. "Wewe ni mteja au mfanyakazi?"

"Shikamoo. Nisamehe, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, sijakugombeza."

"Nisamehe."

Akamtazama shangazi. Shangazi akamwambia maneno ambayo mpaka leo namshukuru nayo: "Dada, mchukue. Kwao hapati hewa." Hawakuwa wamejuana hata kwa jina. Bi Mwajuma akatazama karai, akaona vyombo vimetakata, akasema, "Hewala. Abaki." Shangazi aliporudi Kimamba peke yake alitukanwa na mama mbele ya mtaa mzima, na kila mwaka walipogombana alitukanwa upya. Hakunidai shukrani hata siku moja. Mungu ampumzishe pema.

Jina langu ni Veronika, lakini madereva waliniita Nisamehe. Lilianza na nyani. Wa hapa mnawajua hawa nyani wa hifadhi, wanakuja barabarani kama wana miadi. Mmoja aliingia jikoni mchana kweupe, akapanda juu ya meza, akachukua chapati, akatulia kunitazama. Nami nikamwambia, "Nisamehe." Naapa. Nyani ananiibia, mimi ndiye ninayeomba msamaha! Dereva mmoja mnene tuliyekuwa tukimwita Tani Saba aliona yote, akacheka mpaka akashikilia nguzo. Mtu akijikwaa, wengine wanasema pole, mimi nasema nisamehe. Gari likipata pancha kilomita nyingi huko, dereva akisimulia, nasema nisamehe. Tani Saba akawa akifika anapiga honi na kuita, "Nisamehe, wali upo?" Nami najibu, "Upo, nisamehe." Nilicheka nao, lakini moyoni sikujua la kuchekesha ni lipi. Nilidhani kweli kila kibaya kinaanzia kwangu.

Sifa nazo zilikuwa balaa. Mtu akisema, "Binti, maharage yako leo matamu," nageuka nyuma kuona anamwambia nani. Kwetu ukisifiwa, mama anaichukua ile sifa hapohapo, halafu jioni unalipishwa kwa kununiwa. Bi Mwajuma alivumilia wiki kadhaa, kisha akanivuta kando. "Mtu akikusifu, sema asante halafu funga mdomo. Sifa haiungui mkono. Pokea." Nikafanya mazoezi kama mtoto anayefundishwa kusalimia. Asante, kimya. Asante, kimya. Jasho linanitoka!

Sasa niwaeleze ile Ramadhani.

Jikoni tulikuwa wengi, na wote walikuwa Waislamu isipokuwa mimi. Ramadhani hoteli ilitundika pazia mlangoni, tukawa tunapikia wasafiri na wasiofunga, na jioni Bi Mwajuma akifuturisha majirani. Wale wanafunga, hawawezi kuonja. Wapo wapishi wanaogusisha ncha ya ulimi na kutema, lakini Bi Mwajuma hakutaka, alisema hataki kujaribiana na nafsi yake. Siku ya kwanza asubuhi akaniita mbele ya wote.

"Vero, kuanzia leo mpaka magharibi, ndimi zetu zimefungwa. Ulimi wa jiko hili ni wako."

Hebu nielezeni ningefanya nini. Mimi, ambaye hata njaa yangu mwenyewe nilikuwa sina hakika nayo! Zamani nilikuwa nikionja, namtazama Bi Mwajuma, naye huwa ameshaonja, basi nasoma usoni mwake kama chumvi imetosha. Huo ndio uliokuwa upishi wangu. Siku hiyo nikaonja maharage ya nazi ya futari, nikamtazama, na uso wake hauna kitu. Yeye mwenyewe hajui! Nikamtazama mwenzangu anayesukuma chapati, hajui. Anayekuna nazi, hajui. Nyuso zote zimefungwa kama maduka siku ya sikukuu.

Nilipoonja mara ya kwanza niliona ni sawa. Nikatia chumvi kidogo, kwa tahadhari. Nikaonja tena, nikaona ni sawa, nikaogopa zaidi, nikatia tena. Nikaenda kwenye mihogo, nikarudi kwenye maharage, nikatia. Kufika alasiri ulimi ulishakufa ganzi, sisikii chochote, na mkono unaendelea kutia.

Adhana ikatoka. Watu wakafungua kwa tende, wakanywa uji wa pilipili manga, wakageukia maharage. Bi Mwajuma alikuwa wa kwanza. Alitia tonge mdomoni, akatulia. Mzee mmoja jirani naye akatulia. Kisha nikaona mikono yote inakwenda kwenye jagi la maji.

Nilisimama mlangoni nikisubiri. Nyumbani kwetu kosa dogo kuliko hilo lilitosha nisimangwe mwezi mzima mbele ya wageni, huku mama akilia kwamba ninataka kumuua. Bi Mwajuma akakohoa, akasema, "Wallahi leo tumefuturu magadi." Basi wakaangua kicheko, hata yule mzee, na Bi Mwajuma akaagiza wachemshe viazi bila chumvi wachanganye humo, kwa sababu dawa ya chumvi ni kuongeza kisicho na chumvi, na watu wakala.

Baadaye, wageni wakiwa bado wanapiga soga, akaja nilipo nyuma ya jiko.

"Ulionja?"

"Nilionja. Nisamehe."

"Mara ya kwanza ulionaje?"

"Niliona ni sawa."

"Kwa nini ukaongeza?"

"Nilidhani nimekosea."

"Nani alikwambia umekosea?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Hapakuwa na mtu. Siku nzima hapakuwa na mtu yeyote aliyeniambia nimekosea. Nikaanza kulia, na Bi Mwajuma hakunibembeleza wala hakunikatiza. Aliponiona nimetulia akasema, "Huyo anayekwambia umekuja naye kutoka kwenu. Jikoni kwangu hayumo. Kesho utaonja mara moja, utasema kwa sauti, halafu utaweka mwiko chini. Ukikosea, tutakula ulichokosea. Hakuna atakayekufa."

Kesho yake nilionja, nikasema, "Yako sawa," nikaweka mwiko chini. Mkono ulitaka kurudi kwenye chumvi, nikaukalia. Kweli, niliukalia, nimeketi juu ya mkono wangu kwenye kigoda, na wenzangu wakinicheka. Jioni ile watu walikula wakaongeza. Bi Mwajuma alinipa bakuli langu mkononi na kusema neno moja, "Umeona?" Katika maisha yangu yote sijawahi kupewa chakula kitamu namna ile.

Msidhani nilipona hapohapo. Kidonda cha namna hii hakifungi kwa siku moja, kinafunga kinafunguka. Mwezi ulipokwisha na Bi Mwajuma akaanza kuonja tena, nilirudi kumtazama usoni. Akawa anafunika uso wake kwa kanga! Mama mtu mzima, mwenye heshima zake, anajifunika jikoni ili mimi nisimsome. "Onja, sema, weka mwiko chini." Wateja walidhani tuna wazimu.

Mama alikuja Mikumi mara moja. Alikuja amependeza, kitenge kipya, akakaa meza ya mbele kutwa nzima. Ndani ya muda mfupi hoteli yote ilikuwa yake. Aliwaimbia madereva. Alisimulia alivyohangaika kunilea, alivyokosa usingizi, alivyoniachia mlo wake, akalia, Tani Saba naye akalia, akaja kunishika bega: "Nisamehe, una mama wewe! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Wengine nao wakasema una mama. Nikasimama pale nimeshika sahani nikifikiri labda nina kichaa, labda yote niliyaota. Hilo, vijana, ndilo linalouma kuliko kusimangwa. Mzazi wa namna hii watu wanampenda, na ukisema neno unaonekana mtoto asiye na fadhila.

Bi Mwajuma alimkirimu kama mgeni wa heshima, akamfungia na chakula cha njiani. Basi lilipoondoka alirudi jikoni, akaokota kisu, akaanza kukata vitunguu kando yangu. Kisha akasema taratibu, "Mama yako mzungumzaji. Nimekaa naye tangu asubuhi. Hajaniuliza hata mara moja wewe unaendeleaje."

Basi. Hakumsema vibaya. Nililia nikasingizia vitunguu. Kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa ameona nilichokiona mimi. Kama kuna kijana wa namna hii karibu yako, usimpe mahubiri ya kusamehe, na usimtukanie mzazi wake. Mwambie tu ulichokiona. Inatosha.

Mtaniuliza, je, mama ulimkatia mguu? Hapana. Wapo walioondoka moja kwa moja wakapona, siwalaumu, kila mtu anajua mzigo wake. Mimi nilijiwekea utaratibu wa jikoni. Naenda Kimamba nikiwa nimekula na kulala vizuri. Nakwenda na chakula, nasalimia kwa heshima yote, napika, nafagia, na jua likianza kuinama narudi. Simu yake ikiita, naweka kwanza mwiko chini, nakaa, ndipo napokea. Akiniambia nasikiaje, najiuliza kwanza mwenyewe nasikiaje. Nikiwa sina jibu, nasema, "Nitakupigia, mama." Ninyi mnajibu ujumbe huku mnakaanga, mnaunguza vyote viwili.

Nilipopata watoto wangu niliogopa sana nisije nikawa yeye. Mwanangu wa kwanza aliposema, "Mama, sijashiba," ulimi wangu ulishaanza kusema, "Umeshiba wewe." Nikaumeza. Nikampakulia. Alikula kidogo tu akaacha, na mimi nikafurahi ajabu, kwa sababu alijua mwenyewe alipoishia.

Bi Mwajuma alifariki miaka kadhaa iliyopita, tukamzika hapahapa Mikumi. Hoteli wanaiendesha wanawe, kuna gesi na viti vya plastiki, wateja wanaagiza kwa simu wakiwa bado Ruaha Mbuyuni. Ila ukiingia jikoni utasikia watoto wadogo kabisa wanaambiana onja, sema, weka mwiko chini, na hawajui limetoka wapi. Nami nimestaafu. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na walikusudia kutisha. Mimi ulimwengu ulinifunza kwa sauti ndogo, tena ukajifunika kanga nisiogope.

Lakini lilibaki jambo moja ambalo nililibeba miaka yote hiyo. Mbele ya mama sikuwahi kulitaja jina la Bi Mwajuma kwa shukrani. Kila nilipopika Kimamba na watu wakasifu, mama alisema, "Mkono wangu huo," nami nikaitikia, "Ndiyo, ni mama." Wakati Bi Mwajuma yu hai nilijiambia haidhuru, yeye mwenyewe anajua. Alipokufa, kila nilipoitikia hivyo nilijiona kama ninamzika upya. Na niliogopa. Bibi mzima, nina wajukuu, bado ninaogopa ziwa la mama yangu.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, jumuiya ya kanisani kwao ilisali nyumbani kwa mama. Ameshazeeka sana, anatembea na mkongojo, lakini nyimbo anaanzisha yeye na ole wako uanzishe mwingine. Nilipika wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga na mchicha. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Keti, mwanamke wa rika langu, alijipakulia mara ya pili akasema, "Dada Vero, hiki chakula umefundishwa na nani?"

Sijafungua mdomo, mama akadaka. "Nani mwingine? Mimi hapa! Nimesimama naye jikoni tangu mdogo, nikamshika mkono." Watu wakaitikia, wakampongeza. Utotoni, jikoni kwa mama, hata kopo la chumvi nilikuwa sina ruhusa ya kuligusa.

Wakanigeukia mimi, wanasubiri nitikise kichwa. Nikajiuliza, Veronika, wewe mwenyewe unajua nini? Nikajua. Nikapiga goti karibu na kiti chake, kwa adabu, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Hapana, mama. Kupika nilifundishwa na Bi Mwajuma wa Mikumi, Mungu amrehemu. Wewe ulinizaa, ukaninyonyesha, na kuimba nimerithi kwako. Kwa hayo nakushukuru. La kupika ni la Bi Mwajuma."

Mama Keti akashusha kijiko. Mkono wa mama ukaanza kupanda kifuani, nami nikauona unavyopanda, na sikuondoka pale nilipopiga goti, wala sikusema nisamehe. Ukafika begani ukaishia kuvuta kanga iliyoteleza.

"Na huyo Mwajuma," akasema, kidevu juu, "ungemjulia wapi kama nisingekuzaa?"

Jamani! Wanawake walicheka, na mimi nilicheka kuliko wao, nikacheka mpaka nikakaa chini sakafuni, kwa sababu habadiliki, hatabadilika, hata maiti wa watu anamchukua awe wake, na kwa mara ya kwanza hakikuniuma kitu. Nilijitafuta kama naumwa, sikuumwa popote. "Kweli, mama," nikamwambia. "Kwa hilo pia asante."

Tukasali kufunga. Mama Keti akaombea wagonjwa, akaombea mvua, kisha akasema, "Na tumwombee marehemu Mwajuma, aliyemlea binti yetu Veronika huko Mikumi." Jina lake, ndani ya nyumba ile, mbele ya watu wote. Tukaitikia amina, na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama yangu.